Nilimtumia bosi jani la sale kwenye email kama utani. Najuta mpaka leo

Wakuu, wenye umri shikamooni, rika langu mambo vipi.

Juzi nimepita kwenye uzi wa mwenzetu mmoja humu anayesumbuliwa na bosi wake. Anaomba apewe majibu ya kuchekesha ya kumrudishia kwenye email ili na yeye apumue kidogo. Comments zilikuwa nyingi na nyingine zilinichekesha kweli.

Nikaanza kuandika zangu, maana ninazo za kutosha. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Nimeona nifungue uzi nieleze yote, na nitaeleza kama yalivyokuwa, hata pale ambapo yananiaibisha. Majina tu ndiyo nimebadilisha kwa sababu Arusha tunajuana.

Kwanza mnijue. Shule niliachia form two kule Singida. Sikufukuzwa, nilichoka tu kukaa sehemu moja. Nimekuwa utingo wa lori, nimeosha vyombo hotelini Moshi, nimechekecha mchanga wa tanzanite Mererani, nimeuza miwani ya jua stendi.

Kila nilikopita nilikuwa mtu wa kuuliza. Hiki mnakiitaje, kwa nini mnafanya hivi, nani alianza. Hata kompyuta nilijifunza hivyo, kwa kumuuliza jamaa wa internet café mpaka akaona bora anifundishe ili ninyamaze.

Ndivyo nilivyopata kazi kwenye kampuni moja ndogo ya kupandisha wageni milimani. Ofisi ilikuwa nyumba ya kawaida tu pale Lemara, sebule imegawanywa kwa plywood kupata chumba cha bosi, na stoo iko uani. Mimi nilikuwa mtu wa stoo. Mahema, sleeping bag, magodoro, majiko ya gesi, vyote nilivitoa na kuvipokea mimi.

Bosi nitamwita Madam Manka. Mjane, Mchaga wa Machame, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Kampuni aliianzisha marehemu mume wake. Alipofariki watu wakategemea Madam ataiuza. Hakuiuza. Akaishika kwa mikono miwili, akaibana mpaka na sisi tukabanwa.

Sheria yake ilikuwa moja: kama haiko kwenye email, haijatokea.

Ukivunja kikombe, email. Ukitoka kwenda kununua vocha, email. Yeye mwenyewe anakaa nyuma ya plywood, ukikohoa anasikia, lakini atakuandikia email kuuliza nani anakohoa. Na ataweka cc ofisi nzima. Akikasirika herufi zote zinakuwa kubwa.

Wakuu, msione nimeanza kumtetea. Alikuwa msumbufu kweli. Neema, dada wa uhasibu, aliwahi kulia kwa sababu ya email moja yenye neno moja tu: EXPLAIN.

Basi mimi nikaanza kumjibu.

Ya kwanza ilikuwa ya birika. Madam aliandika, herufi kubwa, nani ameacha birika la umeme linachemka peke yake, anataka jibu kwa maandishi. Nikajibu hivi:

"Madam, birika limehojiwa. Limekana kuchemka, linadai lilikuwa linapumua tu. Uchunguzi unaendelea."

Akajibu: "Noted."

Hiyo Noted ndiyo iliyoniharibu. Hakunifokea. Nikaona kumbe mlango uko wazi.

Ilipotoka amri kwamba kila anayeinuka kwenye kiti aseme anakwenda wapi, nikaandika, "Madam, naelekea chooni, nimeambatanisha ramani." Baadaye nikaandika, "Madam, nimerudi salama, hali ya njia ni nzuri." Noted.

Jumapili moja akatuma email ya haraka wakati wa ibada. Nikamjibu, "Madam, email yako imenikuta kanisani wakati wa harambee. Nimesimama ili nikujibu, na sasa nimeandikwa kuwa nimeahidi mbuzi." Noted.

Na kuna siku aliuliza kwa nini huwa nachelewa kujibu. Hii mimi mwenyewe niliipenda. Niliandika:

"Madam, email yako ilifika mapema. Lakini nilikaa karibu na dirisha, ikauona mlima Meru uko wazi hauna wingu, ikasimama kidogo kuutazama."

Hiyo hakujibu Noted. Hakujibu kitu. Mkumbuke hiyo ya mlima, nitairudia.

Sasa, kila nilipomjibu Madam nilikuwa naweka bcc ofisi nzima. Kwa asiyeijua bcc, ni pale unapotuma nakala kwa watu wengine bila yule uliyemwandikia kuona kuwa wamepata. Madam alidhani ananisoma peke yake. Kumbe Neema anasoma, Saitoti dereva anasoma, na waongoza wageni wote wanasoma.

Nilikuwa nabonyeza send kwenye kompyuta ya sebuleni, halafu nahesabu moja, mbili. Kicheko kinapasuka upande huu wa plywood. Upande ule kimya.

Nilijiona shujaa. Mtu wa form two, nimemweka bosi mkononi kwa kalamu. Saitoti alikuwa ananiambia, "Singida, wewe ungesoma ungekuwa hatari." Singida ndilo jina walilonipa pale, hata Madam aliniita hivyo.

Sasa nije kwa Baba Eliya.

Baba Eliya alikuwa mpishi wetu wa mlimani. Mzee wa Machame pia, alianza kazi na marehemu mume wa Madam tangu kampuni ina hema mbili. Simu yake kitochi, email haijui, na hakutaka kuijua. Akiwa hana safari alikuwa anakuja stoo kusugua sufuria zake mwenyewe, haamini mtu mwingine azisugue. Na mimi ndiyo nafasi yangu ya kuuliza.

Wakuu, yule mzee alikuwa hachoki. Nimemuuliza kwa nini Wachaga wanazika kwenye migomba, akaniambia. Nimemuuliza mbege, ile pombe yao ya ndizi, inajulikanaje kuwa imeiva, akaniambia. Siku hiyo nikamuuliza kuhusu yale majani marefu ya kijani yaliyopandwa getini kwetu, kwa nini kila nyumba ya Mchaga lazima uyaone.

Akasema, "Hayo ni masale. Haya ya hapa aliyaleta marehemu mwenyewe toka nyumbani."

"Ya urembo?"

"Urembo gani. Hayo ndiyo mpaka wa shamba. Ndiyo yanakaa kaburini. Na ukimkosea mtu, kosa zito, lile ambalo mdomo wako hauna nguvu ya kuliomba msamaha, unachukua sale, unalifunga fundo, unapelekwa kwake na mtu mzima."

"Akikataa?"

Baba Eliya aliacha kusugua. "Halikataliwi. Watu wamesamehe damu kwa jani hilo. Ukilikataa, wewe ndiye unakuwa na deni, wewe na watoto wako."

Nilikaa na hilo jambo kichwani wiki nzima. Jani lisilokataliwa. Mtu mwenye akili timamu angelinyamazia. Mimi nikaona silaha.

Haikupita muda nikafanya kosa. Nilitoa sleeping bag ambayo haikukauka vizuri, mgeni akaifungua huko mlimani inanuka kuvu. Madam akaniandikia, cc wote, herufi kubwa. EXPLAIN.

Nikatoka getini, nikachuma jani moja la sale, nikalifunga fundo, nikalipiga picha juu ya meza ya stoo. Nikaandika:

"Madam, maelezo sina. Ila kwa mujibu wa mila jani hili halikataliwi, nimeliattach hapa chini. Tafadhali lipokee mapema kabla halijanyauka, maana server yetu haina kivuli."

Bcc wote. Send. Moja, mbili. Saitoti alicheka mpaka akatoka nje.

Noted haikuja.

Badala yake, nikiwa nimesharudi stoo, nikasikia mlango wa Madam. Hatua zake zikaja mpaka uani. Alikuwa hajawahi kufika stoo kuzungumza, yeye na mdomo walikuwa hawana urafiki. Akasimama mlangoni.

"Singida. Hilo jani nani alikufundisha?"

"Baba Eliya, Madam."

Aliliangalia lile jani juu ya meza. Halafu akasema, "Basi. Nimekusamehe, yameisha." Akaondoka.

Na kweli yaliisha. Ile sleeping bag hakuitaja tena, wala kwenye kikao, wala kwenye email, wala kwa mgeni. Aliifuta kama haikuwahi kunuka.

Nilimwona usoni pale mlangoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa kitu. Niliuona, wakuu, sikuuelewa, na sikuuliza. Mimi ninayeuliza kila kitu.

Nilichofanya ni kurudi kwa wenzangu na kuwaambia, "Password ya Madam imepatikana."

Ikawa mchezo. Neema akituma hesabu kwa mgeni asiyehusika, ananiomba picha ya jani. Saitoti akichelewa kufika uwanja wa ndege, KIA, kupokea wageni, jani. Mimi nikakosea tena, jani. Madam alikuwa anatoka chumbani kwake kila mara, anamfuata mtu alipo, anasema yameisha, anarudi. Herufi kubwa zikapungua. Tukadhani tumemfunga kamba.

Nikaenda mbali zaidi. Nikatengeneza sticker ya WhatsApp. Jani la sale limevaa miwani ya jua, chini yake maneno: NISAMEHE FASTA. Tulikuwa na group letu ambalo Madam hayumo. Mtu akichelewa kujibu, jani. Mtu akila chapati ya mwenzake, jani. Ukiliona tu lile jani unacheka kabla hujajua kwa nini.

Mkumbuke Baba Eliya hana WhatsApp. Alikuwa hajui lolote.

Sasa likaja kosa la Baba Eliya mwenyewe.

Alipanda Meru na wageni wawili, mtu na mkewe, watu wazima waliosema wameusubiri huo mlima tangu walipooana. Yule mama alikuwa na tumbo lisilopokea maziwa, na Baba Eliya alijua. Walipofika kibanda cha kwanza, Miriakamba, mzee akamwachia msaidizi wake sufuria, akaunga msafara na askari wa hifadhi aliyekuwa anashusha kundi lingine, akaondoka. Hakumuaga Madam. Alikuwa anawahi Machame, mjukuu wake alikuwa anapata kipaimara.

Asubuhi msaidizi akapika uji, akatia maziwa, kwa nia njema kabisa, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Yule mama aliugua njiani. Wakateremshwa wote wawili, kilele hawakukiona. Hawakudai chochote. Waliandika tu kwamba umri wao hauwaruhusu kurudi tena.

Madam alituonyesha huo ujumbe. Akampigia Baba Eliya simu, akamwambia asije ofisini mpaka atakapomwita.

Mzee hakusubiri kuitwa. Jumatatu, sote tuko sebuleni kwenye kikao cha kuanza wiki, geti likagongwa. Akaingia Baba Eliya, amevaa koti la suti la kanisani. Amefuatana na mzee mwenzake, mzee wa kanisa wa mtaani kwao Olasiti. Tukasimama, shikamooni, wakaitikia, wakakataa kukaa.

Yule mzee wa kanisa ndiye aliyeongea. "Mama, hatukuja na maneno mengi. Huyu ndugu yetu amekukosea, yeye anajua na sisi tunajua. Tumemleta."

Baba Eliya akaingiza mkono ndani ya koti. Akatoa jani la sale, limefungwa fundo.

Saitoti ndiye aliyeanza. Hakukusudia, kicheko kilimtoka puani. Neema akajifunika uso na faili, mabega yanatetemeka. Waongoza wageni wawili waliokuwepo wakaangalia chini.

Na mimi nilicheka. Naweza kusema nilikohoa, nani angejua. Lakini nilicheka.

Kilichonibaki mpaka leo ni alichofanya Baba Eliya. Alishusha macho akaangalia vifungo vya koti lake. Alidhani amefunga vibaya.

Madam akauliza, "Mnacheka nini?"

Saitoti akageuza simu aliyoishika, kioo kikaangalia chini.

Mzee wa kanisa naye akauliza, taratibu kabisa, "Vijana, mnacheka jani?"

Hapo Madam akanitazama mimi. Sijui alijuaje. Labda alikuwa amehesabu vile vicheko nyuma ya plywood muda wote, na sasa hesabu ikakubali. Akanyoosha mkono kwa Saitoti. "Nipe simu."

Saitoti akampa, na group lilikuwa limefunguka pale pale. Madam akaangalia sticker. Akashusha, kukawa na nyingine. Akashusha tena. Akamrudishia simu yake.

Akasema, "Kumbe nilikuwa nasamehe peke yangu."

Halafu akamgeukia Baba Eliya, na sauti ikawa nyingine, ya mtoto kwa mkubwa. "Baba Eliya, sikatai. Unajua siwezi kukataa. Lakini hapa sitalipokea. Hapa wameshaligeuza mchezo."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Baba Eliya alibaki na jani mkononi. Mzee mwenzake akalichukua, akaliweka juu ya meza ya mapokezi. Akasema limekuja kwa mwenyewe, wao hawarudi nalo. Wakatoka. Hakuna kati yetu aliyeweza kuwasindikiza hata getini.

Ngoja nivute pumzi hapa kidogo.

Lile jani lilikaa pale mezani. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Dada wa usafi alikuwa anafuta vumbi kulizunguka. Likaanza kuwa la njano kwenye ncha, kisha likakunjamana, fundo limebaki vile vile. Kila anayeingia ofisini anapita mbele yake.

Na Baba Eliya yuko kwake Olasiti, hajafukuzwa, hajasamehewa. Safari zinapanda na wapishi wengine.

Email za Madam zikakata. Hakuna EXPLAIN, hakuna cc, hakuna Noted. Akitaka kitu anatoka, anasema kwa maneno machache, anarudi. Yaani kile tulichokuwa tunakipigania miezi yote tulikipata. Ofisi ikawa na amani ya msibani.

Nikajaribu kumwandikia Madam email ya kuomba msamaha. Wakuu, nilishindwa. Kila sentensi niliyoanza ilijikunja yenyewe ikawa utani. Nilikuwa nimejizoeza hivyo mpaka mkono haujui njia nyingine. Nikafunga kompyuta, nikaenda Olasiti.

Baba Eliya alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Mkewe akaleta chai na ndizi za kuchoma, akatuacha. Nikamweleza kila kitu, picha, bcc, sticker. Alisikiliza anatazama nje tu.

Nikamuuliza, "Mzee, kwa nini hukuomba ruhusa? Mjukuu, kipaimara, Madam asingekunyima."

Akasema, "Ruhusa ni email. Email ungeniandikia wewe."

"Ndiyo. Ungeniambia tu."

"Nilifikiria. Nikasema huyu kijana ataweka utani wake, na Mama atasoma huku ninyi mnacheka. Vicheko vyenu navisikia nikiwa kule stoo na sufuria zangu. Nikaona bora nishuke kimya kimya." Akanywa chai. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeacha sufuria. Nakujibu tu kwa sababu umeuliza."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia nataka kwenda kwa Madam kuomba msamaha kweli kweli, anieleze nifanyeje.

"Utapelekwa na nani?"

"Nitaenda mwenyewe."

"Hauendi mwenyewe. Unapelekwa. Mtu mzima anasimama anasema, huyu ni wetu, amekosa." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Wewe hapa Arusha una nani?"

Nikafikiria. Mwenye nyumba wangu Elerai ananijua kwa namba ya chumba. Muuza chipsi ananiita boss. Saitoti ni mkosaji mwenzangu. Nimepita miji mingi, nimeuliza watu maswali mengi sana, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kusema huyu ni wetu.

"Ningekupeleka mimi," Baba Eliya akasema, "lakini na mimi jani langu bado liko mezani."

Nilienda peke yangu hivyo hivyo. Nikagonga mlango wa plywood.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, Madam."

"Na jani?"

"Sina."

"Afadhali."

Nikaomba msamaha kwa mdomo, vibaya, maneno yananigonga. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Ile ya mlima. Email iliyosimama kuutazama mlima. Nilimsomea mama yangu nyumbani, alicheka sana. Nilikuwa nazisubiri, Singida. Mume wangu alikuwa ananiandikia vijimaneno vya namna hiyo." Akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Nilidhani unaniandikia mimi."

Nikamwambia nitaacha kazi. Hakunizuia, hakunifukuza. Alisema, "Funguo za stoo mpe Neema." Nikatoka. Kama alinisamehe hakusema, na mimi nilikuwa sina jani la kumlazimisha.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Neema. Jumamosi moja Madam alitoka chumbani kwake, akalifunga lile jani kavu kwenye kitenge kwa uangalifu lisivunjike, akaendesha mwenyewe mpaka Olasiti. Akamwambia Baba Eliya, nimekuja ulipo, nipe tena. Yule mzee wa kanisa akaitwa. Baba Eliya akampa kwa mikono miwili, naye akalipokea kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata mzee alikuwa mlimani na sufuria zake.

Nilishukuru sana nilipolisikia hilo. Nilidhani hadithi imeishia hapo.

Lakini Neema akaniambia kitu kingine. Baba Eliya anapika vizuri kama zamani, ila hasimulii tena. Vijana wakimuuliza jambo la nyumbani, la mila, la zamani, anaendelea kusugua sufuria. Siku moja Neema mwenyewe alimuuliza kwa nini masale yanapandwa kaburini. Mzee akamjibu, "Si mnayo kwenye simu zenu."

Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko kazi. Mzee ambaye hakuwahi kuninyima jibu, nimemfunga mdomo. Wako vijana watapita pale na maswali kama yangu, na watakuta mlango nilioufunga mimi.

Sasa hivi niko huku mitelemko ya Meru, juu ya Usa River, nafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya kahawa. Wameru nao wanayo masale, yamepandwa kwenye mpaka wa kila shamba. Nikienda kuteka maji nayapita, nikirudi nayapita. Sijamuuliza mtu yeyote hapa yana maana gani kwao. Ni mara ya kwanza maishani mwangu naogopa kuuliza.

Kwa mwenzetu mwenye ule uzi wa bosi msumbufu: mkuu, mjibu tu kama una la kumjibu, na likichekesha lichekeshe. Lakini liwe la wewe na yeye. Ukishaweka watu nyuma yake wasiojulikana, huongei naye tena, umemfanya onyesho. Na kitu ambacho watu wanakitumia kumalizia ugomvi wao, usikifanye sticker. Siku kitakapohitajika kweli kitakuwa kimeisha nguvu, na atakayeumia siyo bosi.

Tupeni maoni, hata ya kunisema, nitayasoma yote.

Ila nina swali la kweli, hasa kwa Wachaga na Wameru mlioko humu. Mtu asiye na mzee wa kumshika mkono, aliyekwishaharibu jani lenyewe, anaombaje msamaha? Anayejua anijibu hapa hapa, mbele ya wote.